Lugha Tano kwenye Flashi Moja

Kwaru, kwaru, kwaru. Gizani, upande wa jikoni, mama yake Hafsa, jina lake Nuria, alikuwa anakuna nazi ya vitumbua, na mbuzi ya kukunia ililia kama inayolalamika. Siku nyingine Hafsa angejifunika kapulana, khanga ya kwao, hadi kichwani na kujifanya hasikii, maana akisikia ataitwa kuteka maji. Leo nazi ya kwanza haijaisha, yeye amekwisha kaa kitako kitandani, miguu inapapasa kutafuta kandambili.

"Umeamka, au hukulala?" Mama Nuria aliuliza bila kugeuza kichwa. Rajabo, mdogo wake Hafsa wa kunyonya, alikuwa amelala mgongoni mwake fofofo.

"Nimelala kidogo, mama."

"Kidogo, naam. Nimekusikia ukiota: mbili, nne, nane, kumi na sita. Nikasema, huyu mtoto anauza nini usingizini?"

Hafsa alicheka. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa darasa la nane hapo Palma, kaskazini mwa Msumbiji, na siku hiyo kitu alichokitengeneza kwa akili yake mwenyewe kingesikika mji mzima. Kesho yake timu ya chanjo ya surua ilikuwa inafika kituo cha afya. Ingechanja watoto asubuhi tu, kisha ingefunga vitu vyake na kuelekea Olumbi. Mtoto ambaye mama yake hakupata habari leo angebaki bila chanjo, na surua haina huruma. Kwa hiyo kijana mmoja aitwaye Chamsudine, mwenye pikipiki yenye vipaza sauti viwili vilivyofungwa nyuma, alipewa kazi ya kuzunguka mtaa kwa mtaa akitangaza.

Shida ya matangazo ya Palma ni lugha. Mtaa huu wanasema Kiswahili, ule Kimwani, kule juu Kimakonde, ng'ambo ya barabara Kimakua, na kwenye nyumba za wafanyakazi wa gesi wanataka Kireno. Safari iliyopita pikipiki ilipita na lugha moja tu, na watu wengi wakabaki wanaulizana kinauzwa nini. Safari hii mwalimu wa kompyuta, Stora Tânia, kama wanafunzi wa huko wanavyowaita walimu wa kike, aliiambia klabu yake:

"Tangazo tutalirekodi kwa lugha zote tano. Lakini kila mtaa usikie lugha zake tu. Chamsudine akisimama kila pembe na lugha tano, jua litazama hajatoka mtaa wa pili. Nani ataifundisha kompyuta kuchagua?"

Hafsa alinyosha mkono kabla swali halijafika mwisho. Alikwisha onja utamu wa makro, yaani maagizo unayoiandikia kompyuta mara moja, nayo inayarudia yenyewe kila utakapo bila kunung'unika.

Lakini kwanza Stora Tânia aliwatoa nje, akawasimamisha wanafunzi watano mstari mmoja mchangani. "Kila mmoja wenu ni swichi," alisema. "Mkono juu, imewaka. Mkono chini, imezima. Wenye kompyuta swichi hii wanaiita biti. Na kila swichi ni lugha, ina namba yake. Kiswahili moja. Kimwani mbili. Kimakonde nne. Kimakua nane. Kireno kumi na sita."

"Mbona zinaruka, stora? Mbona si moja, mbili, tatu?" aliuliza Catarina, rafiki yake Hafsa, ambaye wazazi wake walitoka nyanda za juu na ndiye aliyerekodi tangazo la Kimakonde.

"Zikiongezeka mara mbili mbili, namba haziwezi kuchanganyika. Nikikwambia tatu, ni lazima Kiswahili na Kimwani wamenyosha mikono. Hakuna njia nyingine ya kuipata tatu."

Hafsa alikuwa Kimwani, Catarina pembeni yake Kimakonde. Mstari wa pili wa wanafunzi ukawekwa kuwatazama. Mwenye mkono juu akitazamana na mwenye mkono juu, wanapigana viganja. Mmoja akiwa chini, hakuna kiganja. "Hiyo ndiyo NA," alisema stora. "Unataka kujua kama mtaa unahitaji Kimakonde? Chukua namba ya mtaa, iwekee nne mbele yake, uliza NA. Kiganja kikilia, ndiyo. Kisipolia, hapana." Basi uwanja mzima ukawa unapigana viganja na kucheka. Ile nyingine, AU, ambayo mkono wa upande wowote ukiwa juu unatosha, waliifanya mwishoni kabisa, kengele inalia, na macho ya watoto yamekwisha kimbilia getini kwenye vitumbua.

Kukusanya majibu ya mitaa kulikuwa na adabu yake. Pwani hiyo huwaulizi wanaume barazani ukadhani umewauliza na wanawake. Kila mtaa uliulizwa mara mbili: wavulana wa klabu waliwauliza wanaume baada ya sala, wasichana wakawauliza wanawake bombani, na kila upande ukataja lugha yake. Hafsa akaiandikia kompyuta mstari wa kuunganisha majibu mawili:

lugha = wanaume + wanawake

Akaujaribu kwa mtaa wao, Mnarani. Wanaume wa Mnarani, wafanyabiashara wa kwenda na kurudi Mtwara, walisema Kiswahili, moja. Wanawake walisema Kimwani, mbili. Moja na mbili, tatu. Kompyuta ikapiga NA ya lugha zote, ikaingiza kwenye folda ya Mnarani tangazo la Kiswahili na la Kimwani, hakuna jingine. Hafsa aliruka hadi kiti kikaanguka.

Asubuhi hiyo ya matangazo, shule ikiwa likizo, alifika chumba cha kompyuta kabla ya wote. Akaiendesha makro kwa mitaa yote, folda zikajipanga kwenye flashi, sekunde chache tu. Nje Chamsudine alikuwa anaunguruma na pikipiki, watoto wamejazana dirishani.

"Umejaribu mitaa yote?" Stora Tânia aliuliza, flashi mkononi. "Umeufungua mmoja mmoja, ukalinganisha na majibu?"

"Nimejaribu, stora."

Neno lilimtoka jepesi kabisa. Moyoni alijiambia si uongo hasa. Kinachofanya kazi Mnarani kitashindwa vipi kwingine?

Chamsudine aliwapakia Hafsa na Catarina nyuma, katikati ya vipaza sauti, akaondoka taratibu. Mnarani walipokelewa kama harusi. Sauti ya Kiswahili ilipita, kisha ikafuata ya Kimwani, ambayo ilikuwa ya Mama Nuria mwenyewe, na watoto wakakimbia nyuma ya pikipiki wakiimba maneno ya tangazo. Mzee mmoja alitoka na mswaki mdomoni kusikiliza. Hafsa alihisi anaelea.

"Funga mdomo," Catarina alimwambia sikioni. "Ukiendelea kutabasamu hivyo, nzi watahamia."

"Wivu tu."

"Wivu wa nini, mimi ndiye staa. Subiri tufike kwetu juu, wasikie sauti yangu."

Hawakuhitaji kusubiri. Mtaa uliofuata ulikuwa Kisimani, chini karibu na ufuko, ambako familia nyingi zilihamia kutoka Mocímboa. Chamsudine aliegesha karibu na bomba, akaifungua folda ya Kisimani kwenye kidude chake cha kusomea flashi, akabonyeza. Sauti iliyotoka ilikuwa ya Catarina, Kimakonde safi, yenye nguvu, inavuma hadi majini.

"Sauti yangu imefika pwani," Catarina alisema kwa furaha. Kisha akamgeukia Hafsa. "Lakini huku si kwetu juu."

Wanawake bombani walitazamana.

"Huyo anauza nini, mihogo?"

"Hapana, ni tangazo la wenzetu wa kule juu. Amepotea njia."

"Basi mwelekezeni, maskini, jua kali hili."

Wakacheka, wakaendelea kuteka. Dada mmoja wa kapulana ya njano, mwenye mtoto mdogo kiunoni, alisimama kidogo, akasikiliza, akaona halimhusu. Akajitwisha ndoo yake, akaondoka.

Hafsa alishuka pikipiki. Dada yule, hatua kwa hatua, alikuwa anaondoka na mtoto ambaye kesho asingechanjwa.

Chamsudine alizima sauti, akachungulia kidude chake. "Kisimani. Ndipo hapa. Sasa mbona..." Alijipiga paja. "Ni mimi. Jana nilipita kwenye mvua, spika zimelowa, au nimebonyeza pasipo pake. Nesi mkuu wa kituo alinionya, nikiharibu mara moja tu, kazi anapewa mwingine." Akampa Hafsa simu. "Mpigie stora, dada yangu. Mwambie Chamsudine amechanganya mambo, aniombee msamaha kwa nesi."

Hafsa aliishika ile simu. Ilikuwa rahisi mno. Angesema hivyo hivyo alivyoambiwa, flashi ingerudishwa kimya kimya, yeye angeitengeneza, na mji mzima ungeendelea kusema binti wa Nuria ana akili. Catarina alikuwa anamtazama.

"Siyo wewe, kaka," Hafsa alisema. "Usiende mtaa mwingine. Turudishe shuleni."

Stora Tânia alikuwa anafunga dirisha alipowaona. Hafsa hakungoja aulizwe.

"Stora, Kisimani wamepigiwa Kimakonde. Kaka Chamsudine hana kosa. Ni makro yangu. Na nilikwambia nimejaribu mitaa yote."

"Ulijaribu mingapi?"

"Mmoja. Wetu."

Mwalimu alimalizia kufunga dirisha. Hafsa alitamani angefokewa, ingekuwa nafuu.

"Hilo tutalizungumza," Stora Tânia alisema mwishowe. "Kwanza kina mama wa Kisimani. Tokeni nje, Hafsa na Catarina, msimame kama siku ile. Kimwani hapa, Kimakonde hapo. Wanaume wa Kisimani walisema lugha gani?"

"Kimwani."

"Haya."

Hafsa akanyosha mkono.

"Na wanawake?"

"Kimwani vilevile."

"Haya. Fanya."

Hafsa alisimama na mkono wake hewani. "Nimeshanyosha, stora," alisema. "Siwezi kuunyosha mara mbili."

Basi akakisikia mwenyewe alichokisema. Macho yakamtoka. Mkono uliokwisha nyooshwa, ukiambiwa unyooke tena, unabaki pale pale. Ni Kimwani tu. Lakini kompyuta yeye hakuiambia inyoshe mikono. Aliiambia ijumlishe. Mbili na mbili, nne. Nne ni Kimakonde. Kompyuta ilikuwa imemshusha Hafsa mkono na kumpandisha Catarina, ambaye hakuna mtu aliyemwita.

"Nilijumlisha," alisema, na maneno yakaanza kumtoka mbio. "Mnarani ilikubali kwa sababu wanaume na wanawake walitaja lugha tofauti. Palipo na lugha moja pande zote mbili, ndipo panapoharibika. Kiswahili na Kiswahili, inatoka Kimwani. Kimakonde na Kimakonde, inatoka Kimakua. Yaani mitaa iliyokubaliana ndiyo iliyopata balaa."

"Mtaa wa Barabarani," Catarina alisema polepole. "Kule kwa bibi yangu. Wote walisema Kimakonde. Bibi angesemeshwa Kimakua?"

"Angesemeshwa Kimakua."

"Angemrushia Chamsudine mchi."

Chamsudine, aliyekuwa ameegemea pikipiki yake, alivuta kofia chini. "Mimi nashukuru tumerudi."

"Sasa ulihitaji nini badala ya kujumlisha?" Stora Tânia aliuliza.

"AU," Hafsa alijibu, na tayari alikuwa anakimbia kurudi ndani. "Wanaume AU wanawake. Upande wowote ukinyosha, swichi imewaka. Wakinyosha wote, imewaka hiyo hiyo. Haimgusi jirani."

Alifuta alama ya kujumlisha. Mahali pake akaandika AU, ambayo kwa lugha ya makro ni Or:

lugha = wanaume Or wanawake

Neno moja. Aliiendesha makro, akaifungua folda ya Kisimani. Tangazo la Kimwani, peke yake. Catarina alipiga kiganja kwenye bega lake.

"Twende," alisema Chamsudine. "Jua linatembea."

Hafsa alikuwa ameshashika flashi. Aliitazama, akairudisha kwenye kompyuta. "Bado, kaka. Catarina, nisomee majibu. Mtaa kwa mtaa, hata Mnarani."

Wakaanza. Catarina alisoma: wanaume hivi, wanawake hivi. Hafsa kwanza alisema kwa mdomo wake mwenyewe lugha zinazotakiwa, kisha ndipo akafungua folda kuona kama kompyuta inakubaliana naye. Mnarani sawa. Kisimani sawa. Barabarani Kimakonde, bibi amesalimika. Mtaa Mpya, wanaume Kireno, wanawake Kimakua, vyote vimo. Kila folda iliyokubali, Chamsudine aliitikia mlangoni kama yuko ngomani, na kila alipoitikia Hafsa alizidi kuchangamka. Alishangaa. Alidhani kujaribu ni kazi ya kuchosha ya mtu asiyejiamini, kumbe kuna utamu wake wa kuona jambo linasimama kweli, mbele ya macho yako, tena na tena.

Walipomaliza, Stora Tânia alisema, "Kisimani kwanza. Na wewe Hafsa ushuke, uongee nao."

Bombani Kisimani walikuta wanawake wengine, na wachache wa wale wa asubuhi. "Amerudi muuza mihogo," mmoja alisema. Kisha sauti ya Mama Nuria ikatoka kwenye spika, Kimwani cha nyumbani, cha kumwita mtoto ale. Ndoo zikatua chini. Hakuna aliyecheka.

"Shikamooni, mama zangu," Hafsa alisema tangazo lilipoisha. "Asubuhi tuliwaletea lugha ya wenzenu. Kosa lilikuwa langu, siyo la kaka huyu. Habari ni hii mliyoisikia sasa. Ni chanjo ya surua, kesho asubuhi, kituo cha afya."

"Marahaba. Kumbe surua," alisema mama mmoja. "Sisi tuliona la wenyewe, tukaliacha lipite."

"Kuna dada aliyevaa kapulana ya njano, alikuwa hapa na mtoto mdogo..."

"Hafsa wa Nuria, dada huyo ni jirani yangu. Usihangaike, mimi napita kwake sasa hivi." Mama huyo aliondoka hata ndoo yake hajaijaza.

Pikipiki ilizunguka mitaa yote. Barabarani, bibi yake Catarina alisikiliza tangazo mpaka mwisho, kisha akauliza mbona mjukuu wake anapiga kelele kiasi hicho, hawampi chakula? Jua lilipokuwa linatua, Chamsudine alikuwa amekauka koo ingawa hakutamka neno hata moja la tangazo.

Kesho yake asubuhi kituo cha afya kilijaa. Kina mama wa Mnarani, wa Barabarani, wa Mtaa Mpya, wote na watoto wao, na kwenye foleni ya kivulini, kapulana ya njano, mtoto mdogo kiunoni. Hafsa alipomwona alimshika mama yake mkono kwa nguvu hadi Mama Nuria akauliza kulikoni. Zamu ya Rajabo ilipofika alichomwa sindano, akatazama watu kwa mshangao, kisha akalia kwa hasira ya mtu aliyesalitiwa na ukoo mzima.

Stora Tânia alikuja akasimama karibu nao, Catarina ubavuni mwake.

"Jana nilisema tutazungumza," alimwambia Hafsa. "Sitakugombeza. Mstari wako ulikuwa na kosa, na kila anayeandika makro anakosea, hata mimi. Lile kosa tulilirekebisha kwa neno moja. Lakini uliponiambia umejaribu, mimi niliacha kuangalia, Chamsudine akaacha kuangalia, mji mzima ukaegemea neno lako, na halikuwa na kitu chini yake. Mtu nusura apoteze kazi, na mtoto akose chanjo. Halafu ukarudi ukasema ukweli wakati kunyamaza kulikuwa rahisi, na ndiyo maana foleni hii iko hapa. Kazi nzuri inataka akili, mwanangu, nawe unayo. Lakini watu hawawezi kuegemea akili yako. Wanaegemea ukweli wako."

"Asante kwa kumwambia, mwalimu," alisema Mama Nuria, akimbembeleza Rajabo. "Mimi ningeanza na fimbo, nikasahau maneno."

Catarina alijifanya anakohoa ili asicheke.

Nesi mkuu alipita haraka na boksi la chanjo mikononi. "Stora, mchana tunaondoka kwenda Olumbi," alisema. "Chamsudine huyu hapa anakuja nasi. Majibu ya mitaa ya kule yamefika tangu jana, na nimesikia binti huyu kaamka alfajiri kuyaingiza kwenye kompyuta." Akamgeukia Hafsa. "Haya, kazi ya Olumbi iko tayari, nimpe flashi?"

Wote wakamtazama, stora, mama yake, Catarina, Chamsudine na kofia yake.

"Bado sijaijaribu," Hafsa alisema.